Jina la Riwaya Linaloninyima Usingizi: Baba Aliyefanyika Mama

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifasiri, kidogo kidogo na bila kusukumwa na mchapishaji yeyote, riwaya moja ya Kitamil, lugha ya kusini mwa India, iitwayo Thayumanavan, na kila ninapoirudia hukwama palepale, yaani kwenye jalada, kabla hata sijafika ukurasa wa kwanza. Kisa chake kinaelezeka kwa sentensi moja: mwanamume mwenye mke na watoto anapoteza kazi, mkewe anatoka kwenda kutafuta riziki, naye anabaki nyumbani akipika, akifua na kulea. Zaidi ya hapo sitasimulia, kwa sababu msomaji atakayeipata anastahili kuingia katika nyumba ile mwenyewe, bila kutanguliwa na mtu. Ninalotaka kulieleza ni jina la riwaya, kwa kuwa nimefikia kuamini kwamba mwandishi alimaliza nusu ya kazi yake pale alipolichagua, na kwamba mtu akilielewa jina hilo vizuri ataona ni jambo gani hasa lilikuwa gumu kusemeka katika Kitamil juu ya mwanamume anayebaki nyumbani, na ni jambo gani bado ni gumu kusemeka katika Kiswahili.

Mwandishi ni Balakumaran, aliyezaliwa mwaka 1946 katika eneo la Thanjavur, kwenye bonde la mto Kaveri, akafariki Chennai mwezi Mei 2018. Kabla ya kuishi kwa kalamu alikuwa mfanyakazi wa ofisini katika kampuni ya kutengeneza matrekta, kwa hiyo dunia ya viwanda na ajira, pamoja na hofu ya kuipoteza ajira hiyo, aliijua kwa ndani. Aliandika riwaya zaidi ya 150, nyingi zikitoka kwanza kwa mfululizo katika majarida ya Kitamil, na aliandika pia mazungumzo ya filamu, mojawapo ikiwa Nayakan ya mwaka 1987. Wapo watakaomweka katika fungu la riwaya pendwa, nami sina ugomvi na fungu hilo. Hadithi ya mfululizo katika jarida la kila wiki hupita mikononi mwa nyumba nzima: mke huisoma jikoni, mume huisoma ndani ya basi, na binti huisoma kwa kuiba. Mwandishi anayetaka kuzungumzia nani apike na nani atoke hawezi kupata baraza bora kuliko hilo.

Tuanze na neno lenyewe. Kitamil, kama Kiswahili, ni lugha ya viambishi, isipokuwa sisi hupanga vyetu vingi mbele ya mzizi na wao hupanga vyao nyuma. Thayumanavan ina vipande vitatu. Thaay ni mama. Um ni kiambishi kidogo kabisa, chenye maana ya "na" au "pia". Aanavan ni yule ambaye amekuwa, amefanyika, na silabi yake ya mwisho, -an, inatangaza kwamba mtu huyo ni wa kiume. Angekuwa mwanamke neno lingeishia na -aval. Kitamil hutenganisha mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, jambo ambalo Kiswahili hakilifanyi, na ndiyo maana msomaji wake hulipokea neno hili kwa mpangilio maalumu: kwanza anamsikia mama, kisha anasikia kwamba kuna kitu kimeongezwa, kisha anasikia kwamba kuna aliyefanyika, na mwisho wa pumzi anagundua kuwa aliyefanyika mama ni mwanamume. Mshtuko mzima umewekwa kwenye silabi ya mwisho.

Balakumaran hakulibuni neno hilo. Alilichukua hekaluni.

Nilikaa miaka minne katika mji wa Tiruchirappalli nilipokuwa mwanafunzi, na anayeujua mji huo anajua kwamba hakuna mtaa ambao hauoni jabali lake. Ni mwamba wenye kimo cha mita 83 hivi, umesimama peke yake katikati ya tambarare, na ngazi zaidi ya 400 zinaupanda, nyingine zikiwa zimechongwa ndani ya jiwe lenyewe. Kileleni kuna hekalu la Pillayar, mungu mwenye kichwa cha tembo, na kabla ya kufika huko kuna hekalu kubwa la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, ambaye hapo anaitwa Thayumanavar, jina lilelile la riwaya likiwa na -ar ya heshima mahali pa -an. Kisa kinachosimuliwa hapo ni cha binti wa mfanyabiashara, Ratnavati, aliyekuwa na mimba ya kwanza na akawa anamngoja mama yake aje kumsaidia kujifungua. Mama alikuwa anatoka Poompuhar, pwani, mahali ambapo Kaveri huingia baharini. Mto ukafurika, mama akakwama ng'ambo, na uchungu haukungoja maji yapungue. Binti akaomba, na mama yake akatokea mlangoni, akamzalisha, akamwogesha mtoto, akabaki siku kadhaa akifanya kazi zote ambazo mama wa mzazi hufanya. Kisha maji yakashuka, na mama wa kweli akafika na mzigo wake mkononi. Binti akawaona mama wawili, na yule wa kwanza akatoweka. Hapo ndipo wakajua kwamba aliyekuwa akichemsha maji na kufua nguo za uzazi ni Shiva. Mpaka leo wanawake wenye mimba na jamaa zao hupeleka mikungu ya ndizi katika hekalu hilo kuomba uzazi salama. Ukipanda ngazi zile asubuhi utaikuta ikipandishwa begani.

Kumfikiria Mungu kama mama si jambo geni katika ibada ya Kitamil. Shiva huitwa pia Ammaiyappan, yaani mama-na-baba kwa pamoja, na mshairi Manikkavasagar alimwimbia kwa kusema kwamba huruma yake inapita ya mama anayekumbuka kumnyonyesha mtoto kabla hajalia. Wala Balakumaran si mwandishi pekee wa riwaya aliyekwenda kuchota jina hekaluni: Perumal Murugan aliiita riwaya yake ya mwaka 2010 Madhorubhagan, yaani yule ambaye sehemu yake moja ni mwanamke, na hilo ni jina la Shiva wa Tiruchengode. Hata hivyo, kuna tofauti moja ambayo huifikiria sana. Shiva wa jabalini alibadili sura. Alipoingia katika nyumba ya Ratnavati alivaa umbo la mama, sari ya mama na sauti ya mama, na hakuna jirani aliyeshangaa kumwona mwanamke mtu mzima akimkanda mzazi. Mwanamume wa riwaya hana sura ya pili ya kuvaa. Anayafanya yaleyale akiwa na masharubu yake, katika nchi ambayo masharubu ni tangazo la uanaume, na majirani wanamwona.

Sasa swali la kuuliza ni kwa nini ilibidi mwandishi apande jabali lote hilo kutafuta neno. Je, Kitamil hakikuwa na neno la kawaida la mwanamume wa nyumbani? Jibu liko katika maneno mawili ambayo kila mwanafunzi wa Kitamil cha zamani hukutana nayo mapema. Mke, mwenye kuitunza nyumba, huitwa illaal: il ni nyumba, na -aal ni kiambishi cha kike. Ukifuata sarufi kwa unyoofu, mwanamume wa nyumbani angekuwa illaan. Neno hilo lipo, lakini maana yake ni asiyenacho, fukara, kwa sababu il nyingine, inayotamkwa sawasawa na ile ya nyumba, ina maana ya "hakuna". Mwanamke wa nyumba na mwanamume asiye na kitu wametenganishwa na sauti moja ya mwisho tu.

Washairi waliliona hilo tangu kale. Katika Tirukkural, kitabu cha beti 1,330 ambacho Watamil hukinukuu kama sisi tunavyonukuu methali, kuna ubeti wa 53 unaocheza na sauti hizohizo, ukiuliza ni kipi kinachokosekana kwa mtu ambaye mkewe ni mwema, na ni kipi alichonacho ambaye mkewe si mwema. Mkali zaidi ni mshairi wa kike Avvaiyar, ambaye mafundisho yake watoto wa shule hukaririshwa. Katika utungo wake uitwao Nalvazhi anasema kwamba hata mtu asiyesoma, akiwa na mali mkononi, watu wote watatoka kumlaki. Bali asiyenacho, illaan, hata mke wake, illaal, hamtaki, wala mama aliyemzaa hamtaki, na neno linalotoka kinywani mwake halina thamani. Sisi tunasema mkono mtupu haulambwi na tunaishia hapo. Avvaiyar anaendelea mpaka ndani ya nyumba, anamweka mke upande mmoja na mama upande mwingine, na wote wawili wanampa mgongo yule mwanamume.

Nilipousoma ubeti huo kwa mara ya kwanza, nikiwa tayari nimeisoma riwaya, nilihisi kwamba nimepata ufunguo. Mwanamume aliyepoteza kazi ni illaan kwa maana zote mbili: hana kitu, na yuko nyumbani. Lugha ilikuwa imekwisha kumhukumu kabla hajawasha jiko. Avvaiyar alisema mama hamtaki. Balakumaran akajibu kwa kumfanya mwenyewe awe mama. Sijui jibu jingine katika fasihi ya Kitamil lililo fupi kama hilo na lenye nguvu kama hiyo, na ndiyo sababu riwaya hii naipenda kuliko nyingine zilizoandikwa kwa ustadi mkubwa zaidi.

Ipo pia sababu iliyo karibu zaidi nami. Baba yangu alipunguzwa kazini katika miaka ya 1990, wakati viwanda vingi vya Tanzania vilipokuwa vinafungwa au kubinafsishwa, na mama akaanza kupika vitumbua na kuviuza alfajiri, kisha akapata kibanda sokoni na kuwa anarudi jioni. Kwa miaka minne baba ndiye aliyetupikia. Alikuwa na jiko la mkaa ambalo mahali pake palikuwa uani, lakini yeye alilipepea ukumbini, mlango ukiwa umerudishwa, macho yakimwiva kwa moshi, ili jirani asimwone na kipepeo mkononi. Mtu akibisha hodi, alikuwa na mwendo mmoja ambao sisi watoto tuliujua kwa moyo: mwiko unawekwa juu ya kifuniko cha sufuria, mikono inafutwa kwenye kikoi, gazeti linachukuliwa juu ya kabati, na ndipo "karibu" inatamkwa. Gazeti lilikuwa lilelile kwa wiki nzima. Watu wa mtaani walipoulizana habari zake walisema, "Yupo tu nyumbani." Mama akikaa nyumbani huitwa mama wa nyumbani, na jina hilo lina kazi ndani yake; baba akikaa nyumbani "yupo tu", na hiyo "tu" ndiyo illaan yetu.

Kwa hiyo nilipofika Tiruchirappalli na kumwona jirani yangu wa nyumba ya pili, nilimtazama kwa jicho la mtu aliyewahi kuona jambo hilo. Mkewe alikuwa muuguzi wa zamu, mara nyingi akiondoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Bwana huyo alikuwa ameacha kazi kwa ajili ya maradhi ya mgongo, na kazi zote za ndani alizishika yeye. Kazi za ndani zina hifadhi yake: anayesaga mchele na dengu za urad kwa ajili ya idli, mikate midogo ya mvuke, sehemu nne kwa moja, akazichanganya kwa mkono na kuziacha usiku kucha ziumuke, kama mkate wa kumimina unavyoachwa uumuke, hakuna anayemwona. Lakini nyumba ya Kitamil ina kazi moja ya kike ambayo haina ukuta, nayo ni kolam. Kila alfajiri mbele ya kizingiti hunyunyizwa maji, hufagiliwa, kisha huchorwa umbo kwa unga wa mchele unaoachiwa kidogo kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada: kwanza nukta kwa mistari, halafu mstari unaozunguka nukta zote na kurudi ulikoanzia. Mchoraji huinama kutoka kiunoni, miguu ikiwa imenyooka, mgongo ukielekea mbinguni, barabarani, mbele ya kila anayepita kwenda kununua maziwa.

Jirani yangu, pamoja na mgongo wake mbovu, alikuwa akichora saa kumi na nusu, gizani, kabla mwanamke yeyote wa mtaa hajatoka. Nilimwona kwa sababu nilikuwa nakesha nikisoma kwa ajili ya mitihani. Umbo lake lilikuwa dogo na la haraka, nukta nne na mstari mmoja, na akishamaliza aliikunjua lungi, shuka yake ya kiunoni, aliyokuwa ameikunja magotini na kuingia ndani kama mtu aliyeficha kitu. Baada ya kuzoeana nilimuuliza kwa nini asiiache tu, kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi za mjini huacha. Alinijibu, "Thambi (mdogo wangu), nyumba isiyo na kolam watu huuliza nani amekufa humo." Na ni kweli: nyumba yenye msiba haichorwi kolam, kwa hiyo kizingiti kitupu ni tanzia. Alikuwa anachagua kati ya aibu ya kuonekana akiinama na uvumi kwamba mauti yameingia nyumbani kwake, na alichagua kuinama, ila gizani. Mwaka wangu wa mwisho nilimkuta siku moja akichora saa kumi na mbili na nusu, jua limekwisha kutoka, umbo la nukta nyingi, na mwanamke wa nyumba ya mbele amesimama akimwelekeza alipokosea kuuzungusha mstari. Sikumuuliza kilichobadilika.

Nalitaja hili kwa sababu wasomaji wengine huidhania riwaya ya namna hii kuwa ni ya kusifu wanaume wapishi, na kumsifu mwanamume kwa kazi ambayo mkewe aliifanya miaka yote bila kusifiwa ni dhuluma. Naikubali hoja hiyo kwa moyo wote. Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na ofisi ya takwimu ya India mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100, zaidi ya 80 hufanya kazi za nyumbani zisizolipwa kwa siku ya kawaida, na wanaozifanya hutumia dakika 299. Wanaume ni 26 kati ya 100, na hao wanaozifanya hutumia dakika 97. Katika jimbo la Tamil Nadu lenyewe serikali ilianzisha, tarehe 15 Septemba 2023, malipo ya rupia 1,000 kwa mwezi kwa zaidi ya wanawake milioni 10 ambao ni wakuu wa kaya, na malipo hayo hayakuitwa msaada bali urimai, haki. Mpokeaji anatajwa kuwa kudumba thalaivi, kichwa cha familia, akiwa na -i ya kike mwishoni. Naona jina hilo limetendea haki kazi ya mwanamke ambayo lugha ya ofisi ilikuwa imezoea kuipita kimya, na sidhani kwamba jirani yangu angedai -i ile ibadilishwe kwa ajili yake. Lakini ona tena jinsi Kitamil kinavyolazimika kuamua jinsia ya anayetunza nyumba katika sauti ya mwisho ya neno, na jinsi mtu wa -an anavyobaki bila mahali pa kuandikwa.

Ndiyo maana kiambishi um ni cha thamani mno katika jina la riwaya. Lingekuwa jina lisilo na um, lingesema kwamba mwanamume ameacha kuwa alichokuwa na kuwa kitu kingine, na hilo ndilo hasa wanalolisema majirani wanaomcheka. Um inakataa. Mama pia. Ubaba haukuondolewa ili umama uingie, nafasi imepanuliwa. Na kwa upande mwingine um hiyohiyo inamlinda mke: kwa kuwa mume amefanyika mama pia, haina maana kwamba yule mama wa kwanza, anayerudi jioni akiwa amechoka, amevuliwa umama wake. Katika kisa cha jabalini nyumba ilikuwa na mama wawili kwa muda mfupi, kisha mmoja akatoweka. Katika nyumba ya wanadamu hakuna anayetoweka, na ugumu wote wa kuishi pamoja unaanzia hapo.

Sasa nije kwenye taabu yangu ya mfasiri. Tafsiri ya kwanza iliyonijia ilikuwa "Aliyekuwa Mama Pia", na nilikaa nayo karibu mwezi mzima kabla sijasikia kasoro yake. Katika Kiswahili cha magazeti "aliyekuwa" ina maana ya aliyepita: aliyekuwa waziri, aliyekuwa mkuu wa mkoa. Msomaji angeelewa kwamba ni mtu aliyewahi kuwa mama na sasa si mama tena, ambayo ni kinyume kabisa cha Kitamil. Nikajaribu "Aliyegeuka Mama". Hapo kuna ubaya mwingine, kwa sababu kugeuka kuna harufu ya uchawi na hasara: mtu hugeuka chui, hugeuka jiwe, hugeuka msaliti, na anayegeuka huacha umbo la kwanza nyuma yake. Ni neno la majirani, si la mwandishi. "Baba wa Nyumbani" ni msemo unaoanza kusikika, lakini masikioni mwangu bado hutamkwa kwa nusu ya utani, na ukitoka hatua moja tu kutoka hapo unaingia katika maneno kama marioo, mwanamume anayelishwa na mwanamke, au katika minong'ono ya limbwata, kwamba mume anayeosha vyombo lazima kuna alichotiliwa kwenye chakula. Siwezi kumvika mtu huyu maneno hayo juu ya jalada.

Nikahamia "kufanyika". Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kutoka Injili ya Yohana, panaposemwa kwamba Neno alifanyika mwili, na pale kufanyika hakuna maana ya kuacha kuwa lile la awali. Ndiyo maana nililipenda. Pia lilinipendeza kwamba nami, kama Balakumaran, ningekuwa nimelichukua neno mahali pa ibada na kulishusha mpaka jikoni. Rafiki mmoja wa Mombasa, mhariri makini na Mwislamu, alinikumbusha kwamba kwake yeye kinachofanyika ni mkutano au harusi, na kwamba mtu kufanyika kitu kunamkwaruza sikio. Ana haki. Nimelipima pingamizi lake kwa muda mrefu, na bado naona kwamba mkwaruzo mdogo katika jina hili haudhuru, kwa kuwa jina la Kitamil nalo humfanya msomaji asimame kidogo.

Lililobaki ni jinsia, na hapa Kiswahili kinanishinda. "Aliyefanyika mama" anaweza kuwa mwanamke yeyote aliyezaa mtoto wa kwanza, kwa kuwa a- yetu haijui mwanamume wala mwanamke. Nilitafuta msaada katika lugha ndugu. Kizulu humwita mjomba malume, yaani mama wa kiume, na Kinyankole humwita shangazi ishenkazi, baba wa kike. Kwa hiyo wazo kwamba umama unaweza kukaa ndani ya mwanamume lilikuwapo katika lugha za Kibantu bila kukopwa Bara Hindi. Lakini majina hayo ni ya udugu: mjomba ni malume hata kama hajawahi kushika mwiko maishani mwake, ilhali thayumanavan ni jina la mtu aliyelipata kwa kutenda. Kwa hiyo sina budi kulitia neno "baba" mbele, na kulitia mbele ni kuufungua mshtuko kabla ya wakati wake. Mtamil anamgundua mwanamume mwisho wa neno; msomaji wangu atamjua tangu mwanzo.

Kwa sasa jalada la mswada linasomeka "Baba Aliyefanyika Mama Pia". Nililipeleka kwa baba yangu, ambaye sasa ni mzee na bado hupika ugali mzuri kuliko sisi sote, bila kumweleza sababu ya kumwonyesha. Alilisoma mara mbili, akaniuliza kama hiyo "pia" inahesabiwa kwa baba au kwa mama. Nilimwambia kwamba katika Kitamil imegandana na mama, haiwezi kutengwa. Akasema basi iache hapohapo.

Ndani ya kitabu, Kitamil kina avan ya mtu wa kawaida na avar ya mtu wa kuheshimiwa, na jinsi watu wanavyochagua kati ya hizo mbili wanapomtaja mtu asiye na kazi ni habari kubwa; Kiswahili hunipa "yeye" moja tu, kwa hiyo hulazimika kupenyeza "mzee", "bwana" au jina tupu kulingana na anayesema. Vyakula huviacha kwa majina yake. Methali huzitafutia wenzake, na pale Avvaiyar anapohusika sijathubutu kuweka methali yetu mahali pake. Neno lisilonipa kazi yoyote ni lile ambalo watoto wa Kitamil humwitia baba yao, apike au asipike, awe na ajira au asiwe nayo: appa. Pale naandika "baba" na kuendelea na mstari unaofuata.